Masikio ya Paka wa Kogo

Nilimpaka paka rangi ya viatu. Naanza na hapo ili mtu asije akasema nimeficha. Ilikuwa rangi nyeusi, ile ya kopo, niliyonunuliwa initoshe muhula mzima, nami nikaimaliza kwa paka mmoja mchana mmoja. Nilianzia mkiani, nikapanda mgongoni, nikaingia kichwani, na nilipofika kwenye masikio nikasugua kwa brashi kabisa, kama mtu anayengojea ukaguzi wa Jumatatu asubuhi. Dada yangu mdogo, wa darasa la tatu, ndiye aliyeshika miguu. Alicheka mpaka kamasi zikamtoka. Siku hizi akiulizwa, anasema hakuwepo.

Kabla hamjaniita mshenzi, nieleze. Nilikuwa na sababu, tena ya kisayansi. Niko kidato cha tatu, siwezi kufanya ujinga wa bure bure.

Kwetu ni upande wa Kapkatet, na kama boma nyingi za huku tuna ng'ombe wachache, mahindi na chai. Baba anafundisha shule ya mbali na huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo hapa hamtamwona. Chai ni ya mama. Mama akichuma, anachuma majani mawili na chipukizi, si majani mawili na ndugu zao wote. Pale kwenye kituo cha majani, karani alikuwa akiwaonyesha wengine kikapu chake: "Mwoneni huyu mama. Hii ndiyo inaitwa chai."

Sasa huyo paka. Alikuwa mweupe mwili mzima, macho ya bluu, na alikuwa na dharau. Unamwita, hageuki. Unapiga sufuria nyuma yake, hashtuki. Sisi tulisema amelelewa vibaya, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu mama alipewa na kogo, yaani nyanya yetu aliyemzaa mama, kule Kedowa. Kogo alimtoa ndani ya shuka lake akiwa mdogo kama ngumi, akamwambia mama, "Huyu enda naye." Miezi miwili baadaye tukamzika kogo. Kwa hivyo mtu ungeweza kumsema mwalimu mkuu nyumbani kwetu, ungeweza hata kumsema mchungaji kidogo, lakini paka, hapana.

Paka mwenyewe alipenda chai kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Chai ikipogolewa vizuri, juu inakuwa sawa kama meza, na yeye aliamini meza hiyo aliwekewa yeye. Kuanzia saa nne, jua likiwa kali, ungemwona katikati ya ule ukijani, mweupe kama shuka iliyopeperuka kutoka kwenye kamba. Mvua ya saa nane ikinukia tu, anashuka, anaingia kibandani na kulala ndani ya kikapu cha mama, juu ya majani mabichi.

Manyoya yakaanza kuonekana kituoni. Siku moja karani akaokota machache, akayainua mbele ya foleni nzima. "Mama, leo umetuletea chai ama sweta?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alipofika nyumbani aliniambia, "Wewe umefunga shule, kazi yako ni moja. Huyo paka asiguse kikapu."

Hapo ndipo sayansi ilipoingia. Kulinda kikapu kutwa nzima kungeniharibia mpira. Nikafikiri: shida si paka kuingia kikapuni, shida ni unywele mweupe kuonekana. Unywele mweusi nani atauona? Chai yenyewe ikifika kiwandani inageuka nyeusi! Nilijiona mhandisi. Nikachukua kopo.

Kitu nilichosahau kinajulikana na kila mtoto wa huku hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu: jani la chai hunywa harufu. Huliweki karibu na mafuta ya taa, hulibebi kwenye gunia lililokuwa na vitunguu. Mimi nikaliwekea paka aliyepakwa rangi ya viatu akalala juu yake saa mbili.

Siku hiyo nilimsindikiza mama kituoni mwenyewe, nione ushindi wangu. Karani alichota majani kwa mikono miwili. Akatafuta unywele, hakuupata, nikaanza kutabasamu. Kisha akayapeleka puani. Akayarudisha chini. Akayapeleka tena.

"Mama, hii umechuma shambani ama kwa fundi wa viatu?"

Mama akanusa. Mzee mmoja nyuma yetu akanusa pia, bila kualikwa. "Hii ni nzuri," akasema. "Unakunywa asubuhi, tumbo inang'aa mpaka jioni."

"Siwezi kuipokea," karani akasema, na sasa hakuwa akitania. "Nikiimwaga hii kwa lori, nitaharibu majani ya kituo kizima. Pole sana, mama."

Mama akatazama vidole vyangu vyeusi. Alijitwika kikapu chake kikiwa kimejaa vile vile, akapita mbele ya ile foleni, akapanda kilima. Nilijaribu kumpokea, akasogeza bega. Ningechagua fimbo kumi kuliko lile bega.

Tulimkuta paka kwenye ngazi anajiramba, ulimi mweusi kama wa ng'ombe. Watoto wake wanne, aliowazaa wiki chache kabla, walikuwa wakimzunguka bila kumtambua vizuri. Mama akaweka kikapu chini.

"Leta maji ya moto. Na sabuni. Na wewe usikanyage hapa karibu."

Nikakanyaga mbali kidogo. Alimwosha taratibu kwenye karai, akimwambia maneno ya Kipsigis ambayo mimi sijaambiwa tangu nikiwa mtoto. Maji ya kwanza yakawa wino, ya pili uji wa wimbi, ya tatu maziwa. Akafika kwenye masikio. Pale nchani, tangu zamani kulikuwa na kigaga cheusi, na sote tulisema ni mikwaruzo ya kupigana. Sabuni ilipokipata, kikabanduka, damu ikatoka. Chini yake sikio la kushoto lilikuwa limelika, pembe zake zimekunjamana, nyekundu, kama nyama iliyotafunwa ikatemwa. La kulia lilikuwa limeanza.

Mama aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu kituoni. "Umemchoma," akasema.

Na mimi niliamini. Nilikuwa nimesugua pale kwa brashi.

Siku tatu zilizofuata sikumtania mtu yeyote, hata dada yangu akaja kunishika paji la uso. Mama alipaka mafuta, kidonda hakikufunga. Damu ilikuwa ikikauka, paka anajikuna, inaanza upya. Nilimletea samaki wadogo wa kukaangwa kutoka sokoni, anawanusa tu. Nilikuwa nikilala nikijua kwamba yule kogo kule aliko ananiangalia, na kwamba kitu cha mwisho alichompa binti yake mwenyewe nitakuwa nimekiua kwa rangi ya viatu.

Siku hiyo ya tatu ng'ombe wetu mmoja akataka dume. Siku hizi dume huja kwa pikipiki, amekaa kama mbegu ndani ya mtungi unaotoa moshi wa baridi, pamoja na daktari wa mifugo aliyevaa gambuti. Daktari huyo ni mtu aliyekuja kutoka upande wa ziwa, amekaa huku miaka mingi mpaka anamsalimia mama kwa Kipsigis kwanza ndipo aanze kazi. Alipomaliza na ng'ombe na kunawa, mama akamletea paka akiwa kwenye leso.

"Daktari, najua wewe ni wa ng'ombe. Lakini niangalizie."

Akamgeuza sikio kwenye mwanga. Akatazama pua, kope, kisha tumbo. "Na hii nyeusi kwa kwapa ni nini?"

"Ni rangi ya viatu," dada yangu akasema haraka. "Mimi sikuwepo."

Nikamwambia yote. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Daktari alijaribu kutocheka, akashindwa, akajifanya anakohoa.

"Ulimpaka lini?"

"Jumatatu."

"Na leo ni Alhamisi. Kijana, kidonda kama hiki hakizaliwi kwa siku tatu. Hiki kina mwaka, pengine zaidi. Rangi ilikuwa ujinga, kwa sababu angeiramba imharibu tumbo. Lakini sikio hukuliharibu wewe."

Sijui kama mmewahi kubeba debe la maji kutoka mtoni halafu mtu akaliteremsha kichwani kwenu ghafla, shingo ikawa nyepesi mpaka inataka kuruka. Nilikuwa hapo, shingo inaruka, aliposema tena: "Mimi naona hii ni kansa."

Mama akarudi nyuma hatua moja. "Kansa si ni ya watu?"

"Ni ya kila kitu chenye mwili, mama."

"Itaambukiza chai?" dada yangu akauliza. Tayari alikuwa mtu wa chai.

"Haiambukizi chai, haikuambukizi wewe." Akamgeukia mama. "Huyu alitoka wapi? Mama yake alikuwa rangi gani?"

Mama akafikiri. "Mweupe. Nilikuwa nimeolewa tayari, lakini nikienda Kedowa namkuta. Masikio yake yaliisha yote. Tulisema ni panya. Panya wa Kedowa ni wakubwa."

"Na mama ya huyo?"

"Huyo ndiye nililelewa naye." Akamkuna paka shingoni. "Mweupe pia. Mama yangu alikuwa anampaka mafuta ya kondoo kwa masikio kila jioni. Yalioza tu. Alikufa hali chakula, kidonda kimefika kwa jicho."

"Na wale ndugu zao wa rangi zingine?"

"Wale wa mistari? Hao walizeeka na masikio yao. Mmoja alizeeka mpaka akakosa meno."

Daktari akaniomba daftari. Nilikuwa nalo la biolojia, kwa sababu mwalimu wetu alitupa kazi ya likizo: tazama mnyama wa nyumbani, andika watoto wamerithi nini kwa nani. Mimi nilikuwa nimeandika mistari miwili. "Mama: paka. Baba: hajulikani, alitoroka majukumu." Daktari akasoma, akakohoa tena kile kikohozi chake, akafungua nyuma ya daftari na kuchora duara: paka wa kwanza, bintiye, huyu wetu, na chini watoto wanne, wawili weupe, mmoja mweusi, mmoja wa mistari. Weupe akawaacha wazi. Wa rangi akawatia wino.

"Mama, ukiniambia nikuletee dume, unaniuliza nini?"

"Kama mabinti zake wanatoa maziwa."

"Kwa sababu unajua kitu kinashuka. Sasa kwa hawa, kinachoshuka ni weupe. Jeni moja tu, paka akiipata kwa mzazi mmoja, inafunika rangi zingine zote. Ndiyo maana huyu mweupe alizaa nusu weupe, nusu wa rangi. Ni kama kurusha shilingi kila mtoto anapotungwa. Na hiyo jeni haiji na weupe peke yake." Akapiga makofi makubwa nyuma ya kichwa cha paka. Paka akaendelea kutazama kuku. "Anasikia huyu?"

Tukatazamana. Miaka yote hiyo ya kumwita mwenye dharau. Dada yangu akamwambia paka, "Pole," kisha akakumbuka hasikii, akamwinamia na kumwambia tena karibu zaidi.

Daktari akaeleza, na mimi nikaandika, mara ya kwanza maishani kuandika bila kulazimishwa. Kansa yenyewe paka hakuirithi. Alichorithi ni ngozi isiyo na rangi, na rangi ndiyo mwavuli wa ngozi. Pale nchani mwa masikio manyoya ni machache, na huku juu kwetu jua ni kali hata kama hewa ni ya sweta. Likipiga mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, linaharibu yale maagizo yaliyoandikwa ndani ya seli. Seli ikishapoteza maagizo yake, inaanza kuzaana bila ruhusa. Paka wa mistari analala kwenye jua lile lile na hapati kitu, kwa sababu amevaa mwavuli. Alisema hata ng'ombe wenye kope nyeupe amewaona na vidonda vya aina hiyo machoni.

Nikafikiria ile meza ya chai, saa nne mpaka saa nane, kila siku.

"Sasa?" mama akauliza.

"Sasa ukiacha, itatembea kama ya yule wa mama yako. Ukitaka, nitakata masikio, nikate chini mahali pazima. Nikuambie ukweli, paka nimemkata mmoja tu, nikiwa chuoni. Anaweza kulala kwa dawa asiamke."

Najua majirani wangesema nini kusikia mtu amemwita daktari wa ng'ombe kumkata paka masikio. Mama alijua pia. Alimkunja paka kwenye leso akambana kifuani.

"Mama yangu angejua ni jua," akasema, "angemfungia ndani. Hakujua. Mimi najua. Kata."

Jumamosi asubuhi daktari akaja na dawa. Tulitandika shuka safi kwenye meza ya jikoni, na mimi nikapewa kazi ya kushika kichwa. Nilikuwa nimepanga vichekesho vitatu vya kupunguza woga. Sikusema hata kimoja. Alikata taratibu, akashona uzi mmoja mmoja, akitoa jasho katika baridi ile. Vipande viwili vidogo vikabaki kwenye sahani, na mama akavifunga kwa karatasi akaenda kuvizika mwenyewe chini ya michai.

Paka aliamka saa sita, amelewa, kichwa kama cha chui mdogo. Lakini hakula. Siku nzima hakula. Watoto wake walilia, tukawalisha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Jumapili mama hakuenda kanisani, mama ambaye hakosi hata mvua ikichukua daraja. Alinituma nimwambie mchungaji kwamba tuna mgonjwa. Mchungaji akauliza ni nani, nikasema ni mtu wa upande wa Kedowa, akamwombea mbele ya kanisa lote. Mimi nilifumba macho nikasema amina kwa nguvu kuliko wote, na sikuwa natania.

Alasiri hiyo, kwa sababu sikuweza kukaa kitako, niliandika ile kazi ya likizo upya. Kurasa nne, pamoja na mchoro wa daktari. Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa biolojia, yule niliyekuwa nikimuuliza kama kipara chake ni jeni ya baba au ya mama, alinisimamisha mbele nilisomee darasa. Nilipomaliza alisema tu, "Kaa chini. Kumbe unaweza." Namshukuru yule mwalimu. Namshukuru daktari aliyekubali jasho limtoke kwa ajili ya paka. Namshukuru hata karani, kwa ile pua yake, kwa sababu mwenye mafua angepokea chai yetu na mama asingechemsha maji.

Tangu hapo paka hufungiwa ghalani saa nne na kutolewa saa tisa, na panya wa humo wamejuta. Wanawe wa rangi mama aliwagawa kwa majirani. Wale weupe wawili amewabakisha, na daktari akaja kuwakata wasizae. Mama alisema hawezi kumpa mtoto wa kufichwa jua mtu asiyejua kwa nini.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatatu asubuhi, nikiwa namaliza kukamua, nilisikia kijiko kikigonga sahani jikoni. Nikachungulia. Mama alikuwa amepiga magoti, ameponda samaki kwa maziwa, na paka alikuwa akila. Anakula kwa fujo, masharubu yote meupe kwa maziwa. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha, nikakiacha. Nikaweka ndoo chini, nikasema, "Mama, nisamehe kwa ile rangi," na machozi yakanitoka kama ya dada yangu.

Mama hakugeuka. Alingoja paka arambe sahani mpaka ikang'aa. Kisha akasema:

"Ungekuwa na akili, singemwosha. Sasa toka hapo mlangoni, ng'ombe hazijakunywa maji."